Nilivyogawiwa Sauti ya Mama Lusungu

Juzi nilipanda lori la mahindi kutoka Itumba. Nilikaa juu ya magunia pamoja na mbuzi wawili wa mtu, na tulipokuwa tukiteremka zile kona za chini ikanijia harufu ya breki zilizoungua. Ni harufu kama ya mpira, chuma na nywele vilivyotupwa kwenye jiko moja. Dereva alikuwa akiimba. Utingo alikuwa amelala. Mimi nilishika kamba ya turubai mpaka vidole vikafa ganzi, na tulipofika tambarare nikagundua kwamba njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu, kwa sauti isiyo yangu: "Mwaiseni, mukwai, chai ya moto." Mbuzi mmoja alinitazama kwa muda mrefu kama anayenifahamu.

Nimefanya kazi nyingi na hakuna niliyodumu nayo. Nimechota chumvi Ivuna, nimechuma kahawa za watu Mbozi, nimeuza mitumba Nakonde, nimepikia mafundi wa barabara. Shule niliiacha darasa la sita. Kila nilipopita nimewasikiliza watu, wanavyokohoa, wanavyoita kuku, wanavyodanganya, kwa kuwa tangu utotoni sijui kukaa karibu na mtu bila kutaka kujua ametengenezwaje. Lakini kuiga sauti ya mtu niliacha zamani sana. Ninyi mliokuwa watoto Tunduma wakati ule mnaikumbuka ajali ile, na wengine mnalikumbuka igizo letu. Mlilia mlipoliona. Nataka niwaambie mlikuwa mnalilia nini.

Nilikuwa nikiishi na bibi, mama yake baba, kwenye chumba kimoja kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama yangu alikuwa ameshavuka, ameolewa Nakonde, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na hakuwa akirudi. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Mlango wa pili alikaa Mama Lusungu, mwanamke wa Ileje, hana mume, ana binti mmoja wa miaka minne. Kila alfajiri alibeba birika na beseni la mayai ya kuchemsha akapita kando ya malori akiwaita madereva kwa Kibemba, maana wengi walitoka upande ule. "Mwaiseni, mukwai," yaani karibuni, waheshimiwa. Sauti yake ilianzia chini, ina mkwaruzo kama mlango wa bati unaosukumwa, halafu neno la mwisho lilipanda juu na kukatika ghafla, na nyuma yake kikafuata kikohozi kidogo. Madereva waliokuwa wamelala waliamka. Lusungu alimfuata nyuma ameshika ncha ya kanga yake, na mama akisimama, naye alisimama bila kuangalia kwa nini.

Siku ya ajali Lusungu alikuwa na homa, akaachwa kwa bibi. Mimi nilikuwa darasani. Kwanza iliingia ile harufu ya breki kupitia madirisha yasiyo na vioo, na nilidhani wapishi wameunguza uji wa shule. Halafu honi, moja, ndefu, isiyokatika. Halafu kishindo, na baada ya kishindo kimya ambacho sijawahi kukisikia tena, hata mbwa hawakubweka. Lori la mbolea lililokuwa likiteremka kuingia mjini lilikosa breki, likapita kwenye vibanda vya chakula na kijiwe cha bodaboda. Kila mtu mjini ana hesabu yake ya waliokufa na sitaongeza yangu.

Mwalimu alifunga mlango, tukatokea dirishani. Mbolea nyeupe ilikuwa imemwagika barabara nzima na watu wakitembea juu yake taratibu, bila viatu wengine, kama wanaotafuta sindano. Katikati ya mbolea kulikuwa na mayai. Mengi yalikuwa hayajapasuka hata kidogo. Tuliyaokota, tukayapangusa kwenye sare, tukayala pale pale. Mimi nilikula mawili. Nilijua ni ya nani.

Sasa niwaeleze kuhusu bibi. Babu yangu aliwahi kuoa Ileje kabla ya kumwoa yeye, na tangu hapo ukoo wetu na watu wa kule ulikuwa na utani wa misibani. Akifa wa kwao, bibi alikwenda kumwiga. Alivaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akaongea kama marehemu, akawatukana wafiwa kwa makosa ambayo marehemu aliyavumilia. Watu walioshindwa kulia walicheka, na wakishacheka ndipo walilia. Hakuna aliyemkasirikia, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale, kama wengine walivyokuwa na kazi ya kuchimba kaburi.

Kwenye msiba wa Mama Lusungu bibi alifunga kanga ya marehemu kiunoni, akabeba birika tupu, akapita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka.

"Mwaiseni, mukwai," alisema, akakohoa. Akasimama mbele ya Edina, dada mkubwa wa marehemu. "Edina, mbona unalia kama ng'ombe aliyefungiwa? Juzi nilipita mlangoni kwako ukajifanya umelala."

"Nilikuwa nimelala kweli," Edina alisema.

"Umelala unakoroma na macho wazi."

Edina alianza kucheka, mkono mdomoni, kisha mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine, na wanawake wakamshika. Mimi nilikuwa mlangoni nikitazama. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukiwa na sauti ya aliyekufa, watu wazima wanakuwa laini mikononi mwako.

Lusungu hakuwepo. Alikuwa amefichwa kwa majirani, ameambiwa mama amevuka kununua vitenge Nakonde.

Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana vitu. Ninyi mnajua inavyokuwa: kitu kinanyanyuliwa mbele ya watu, jina linatajwa, wazee wanasema apewe, na kitu kinahama. Edina, ambaye tangu siku ile Lusungu alimwita Mama Mkubwa na kulala kwake, alipata masufuria na kitanda. Sweta lilikwenda kwa binamu. Birika lilikwenda kanisani. Walipofika kwenye kandambili bibi alinyanyuka, maana mtani ana haki ya kusema mpaka mwisho.

"Mmegawana mpaka kandambili," alisema. "Na sauti je? Mnawaachia mchwa? Mpeni huyu mke mwenzangu, ana koo."

Watu walicheka. Mzee mmoja, bila kuondoa kiko mdomoni, akasema, "Apewe."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mchana ule nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtu akisema apewe na sufuria ikihama. Hakuna aliyeniambia kwamba hilo la mwisho lilikuwa utani. Nilikwenda chooni, mahali pekee penye mwangwi, nikajaribu. Siku ya kwanza ilitoka ya bibi. Siku ya tatu ikatoka ya kwangu. Baada ya wiki ilitoka yenyewe, na mkwaruzo wake, na kupanda kwake, na jirani aliyekuwa akisubiri nje na kopo la maji alikimbia akaliacha kopo.

Pale shuleni alikuwepo mwalimu kijana aliyetufundisha michezo na sanaa. Wakubwa wa mji walipanga shughuli ya kuwakumbuka marehemu, wakamwambia aandae kitu. Alituambia hataki ngonjera. "Ngonjera wageni wanazisinzilia," alisema. "Nataka kitu kitakachowashika shingo." Nitasema haki yake: alikuwa na kipaji. Tulitengeneza lori la maboksi na waya, likapakwa rangi, wavulana wanne wakaingia ndani kulitembeza. Mbolea ilikuwa majivu ya jikoni. Honi ilipigwa na mvulana mwenye tarumbeta ya kanisani, noti moja tu, mpaka pumzi imwishe. Tuliobaki tulikuwa wauzaji, na honi ikiisha tunaanguka na kulala chini ya majivu.

Mwalimu aliuliza nani anaweza kuita wateja kama mama zetu walivyoita. Wasichana walijaribu, wote wakachekwa. Nikaita mimi. Hakuna aliyecheka. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akawa ananitafuta kwa macho.

"Umeitoa wapi hiyo?" mwalimu aliuliza.

"Nimegawiwa."

Alidhani ni mzaha.

Siku ya shughuli uwanja ulijaa. Kulikuwa na mahema ya wageni, viti vya plastiki, mtu wa kamera ya video, na wafiwa wote wamekaa mbele. Edina alikuwa mstari wa kwanza amempakata Lusungu. Nilitoka na birika nikaita. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kwa ukamilifu namna ile tena maishani. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Halafu kelele ndogo, na Lusungu akachomoka mapajani mwa Mama Mkubwa wake akaja mbio, ameinua mikono, moja kwa moja kwangu, na wakati huo huo honi ikalia na ikabidi nianguke.

Nilianguka. Majivu yakamwagwa juu yetu. Lusungu alipiga magoti akanishika uso. "Mama, nimekuja," alisema. Aliponiona sura akasita, akaninusa shingoni, akajaribu kunifungua kope kwa vidole. Nyuma ya lori la maboksi mwalimu alinong'ona, "Usiamke. Usiamke." Sikuamka. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mandazi.

Uwanja mzima ulilia. Mgeni rasmi alivua miwani. Wafiwa walishikana. Watu walisema hawajapata kuona kitu kama kile, kwamba mji umepata mahali pa kuweka uchungu wake. Mimi nilipewa soda mbili na kukaa hemani na wageni, na mtu mzima mmoja akamwondoa Lusungu, akipiga mateke, akampa biskuti.

Jioni ile mwalimu alikuja kwa Edina.

"Mama, tumeitwa Vwawa," alisema. "Mtoto tutamhitaji tena."

"Lakini huyo hajafundishwa."

"Asifundishwe."

Edina alikuwa mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuna aliyemvutia kiti. Uwanjani alikuwa amevutiwa kiti na diwani. "Si atapata hewa ya kutembea," alisema. "Nyumbani analia tu."

"Si aambiwe basi?" nilisema mimi, kwa kuwa nilipenda kuuliza.

"Akishaambiwa atakwenda kufanya nini kule?" mwalimu alijibu.

Basi tukazunguka. Vwawa Lusungu alikuja mbio kama mara ya kwanza. Kanisa moja la Mlowo walituandalia wali na nyama, lakini pale mtoto hakukimbia. Alikaa tu akinitazama, ananyonya kidole. Tulilala chini ya majivu na watu walipiga makofi ya adabu. Wakataka turudie kwa ajili ya waliochelewa. Mwalimu alinivuta pembeni, jasho linamtoka. "Muite jina," alisema. "Huyo mama alikuwa anamwitaje?"

"Alikuwa anamwita Lusu."

"Basi."

Nikaita, mwaiseni mukwai, chai ya moto, halafu nikaongeza, "Lusu, njoo." Alikuja akianguka, akinyanyuka, akianguka. Mwanamke mmoja kanisani alizimia. Tangu hapo hilo likaingia kwenye igizo.

Wakati wa kurudi tulikaa nyuma ya pikapu, na Lusungu akaja akakaa mapajani pangu bila kuombwa. Alinishika taya. "Dada, fungua," alisema. Nikafungua mdomo. Akachungulia ndani, akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akaingiza kidole mpaka nikataka kutapika. Alikuwa anamtafuta. Alikuwa ameshafikiria jambo lile kwa akili yake yote na kuona kwamba mimi nimemmeza.

"Mtoe," alisema.

Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Lakini kuna kitu kilichonikera, na ni bora nikiseme wazi. Makofi hayakuwa yangu tena. Watu walipomaliza kulia hawakuuliza yule binti mwenye sauti ni nani, waliuliza yule mtoto ni nani. Sauti ilikuwa yangu, nimegawiwa mbele ya wazee, nimeitafuta chooni wiki nzima, na huyu ambaye hakupewa kitu alikuwa anakuja kila siku kuidai na kuondoka na sifa.

Safari ya mwisho ilikuwa Itumba, kule Ileje, kwao marehemu. Siku hiyo bibi alikuja nasi, kwa kuwa watani wake walikuwa huko na kwa kuwa hakuwa ameliona igizo hata mara moja. Miguu ilikuwa ikimsumbua. Kulikuwa na baridi na ukungu uliokaa juu ya migomba mpaka saa nne. Wakati wengine wanapanga lori la maboksi, mimi nilizunguka nyuma ya jiko la shule tuliyofikia. Lilikuwa jiko la mabanzi, lenye nafasi kati ya ubao na ubao, na kuni mbichi za mkaratusi zilikuwa zinatoa moshi mzito wa kuchoma macho. Upande wa pili, peke yake, Lusungu alikuwa amechuchumaa anapanga vijiti.

Nilitaka kujua. Hilo ndilo neno la kweli na sina jingine. Kila mara alikuwa ameniona sura. Nilitaka kujua atafanya nini akiisikia bila kuona mdomo unaoitoa, na nilitaka kujua kama sauti inayoweza kumwita inaweza pia kumfukuza. Niliinama kwenye nafasi ya mabanzi nikakohoa kile kikohozi.

Alisimama. Vijiti vilimtoka mkononi.

"Mama?"

"Lusu," nilisema.

"Mama, uko wapi? Toka."

"Sitoki. Nimepata mtoto mwingine."

Hakuelewa. Alisogea mpaka kwenye mabanzi, akaweka jicho kwenye ufa, lakini moshi ulikuwa mwingi. "Nimevaa sweta," alisema, kama anayeeleza kwamba yuko tayari kwa safari.

"Rudi kwa Mama Mkubwa. Usinifuate tena. Sikutaki."

Maneno hayo sikuyatunga mimi. Nilikuwa nimeyasikia, Nakonde, mlangoni, siku niliyovuka mwenyewe kwenda kumwona mama yangu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyatunza vizuri kiasi kile, kila neno mahali pake. Niliyapa tu mkwaruzo wa mtu mwingine.

Lusungu hakulia. Alikaa chini taratibu, akaanza kuokota vijiti vyake kimoja kimoja. Nilimtazama mpaka mwisho kupitia ule ufa. Nilijisikia kama mtu aliyefungua redio kuona ndani na sasa hajui skrubu zinarudi wapi. Halafu nikaitwa kwenye igizo.

Kwa watu wa kwao marehemu niliita vizuri kuliko siku zote, na mara tatu nikaita jina. Mtoto hakunyanyuka. Alikaa mapajani mwa Edina ameangalia magoti yake. Mwalimu alionyesha kwa mkono, ita tena, na nikaita tena, na mara ya nne Lusungu akaziba masikio. Mwanamke mmoja, shangazi wa marehemu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ana moyo mgumu. Kamsahau mama yake mapema hivi." Wengine wakaguna kukubali.

Bibi alinikuta kisimani nikiosha majivu. Alikuwa ametembea umbali ule bila fimbo.

"Mke mwenza," alisema, "yule mtoto ameambiwa?"

"Ameambiwa mama yake yuko Nakonde."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Alikaa kwenye jiwe. "Mimi nikivaa nguo za marehemu," alisema, "kila mtu aliyekaa pale anajua marehemu yuko wapi. Jeneza liko hapo, wanaliona. Asiyejua anatolewa nje kwanza. Hujaona tunavyowatoa watoto?"

"Mlinigawia."

"Nini?"

"Sauti. Ulisema nipewe na mzee akasema apewe."

Bibi alinitazama, na nikaona uso wake ukifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, ukazeeka mbele yangu. Hakunipiga. Nilimwambia na lile la jikoni, lote, kwa sababu nilidhani nikisema lote itakuwa kama kutapika na nitapata nafuu. Alikwenda moja kwa moja kwa Edina akamtaka aketi na mtoto, amwambie ukweli, na mimi nisimame pale nikiri. Edina alikataa. "Leo ameshinda bila kumwulizia mama yake," alisema. "Mara ya kwanza tangu msiba. Amekula, amenywa chai. Bibi, naomba mniachie, msimchokoze. Kakua."

Na kweli hakumwulizia tena. Majirani walimsifu. Mimi nilisifiwa pia, maana Edina aliamini kwamba igizo ndilo lililomtibu, na mwalimu alilisema hilo kwenye hotuba kabla ya kuhamishwa. Bibi hakwenda tena kwenye msiba wa mtu kufanya utani. Walimwita, akasema koo limekauka. Mwaka uliofuata niliacha shule nikapanda lori la kwanza lililokuwa na nafasi.

Mwezi uliopita nilihitaji picha ya pasipoti kwa ajili ya kibali cha kuvuka. Karibu na mpaka kuna vibanda vya kutoa kopi na kupiga picha, nikaingia kimojawapo, na msichana aliyeninyoosha kidevu mbele ya kitambaa cha bluu alikuwa Lusungu. Nilimfahamu kwa jinsi alivyosimama. Yeye alinifahamu nilipotaja jina. Tulikaa kwenye benchi lake wakati picha zinakauka, akanipa habari za Edina, ambaye miguu imemwishia, na za bibi nilizozijua, kwamba alishazikwa.

"Wewe ulimfahamu mama," alisema. "Mimi sina picha yake hata moja. Kazi yangu picha, na yake sina."

"Unamkumbuka?"

"Kitu kimoja tu." Alikuwa akikata picha zangu kwa mkasi, kwa uangalifu. "Alinikataa. Mahali fulani pana moshi, sikumwona uso. Aliniambia ana mtoto mwingine, nisimfuate. Baadaye ndiyo nikasikia amekufa kwa ajali. Naona alikuwa ameshaniacha kabla."

Nilimwambia. Sikutafuta pa kuanzia, nilimwambia tu, Itumba, jiko la mabanzi, ule ufa, na maneno nilikoyatoa. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Fanya."

"Nifanye nini?"

"Hiyo sauti. Kama ni wewe, fanya."

Nikafanya. Miaka yote ile, na ilitoka nzima. Nje, mwanamke mzee aliyekuwa akipita na ndoo alisimama akageuka. Lusungu alisikiliza mpaka kikohozi, mkasi umefunguka mkononi.

"Siyo," alisema.

"Lusungu, ni mimi. Mama yako hakuwahi kukukataa hata siku moja. Alikufa siku uliyokuwa na homa."

"Nimesema siyo." Hakuongea kwa hasira. "Sikia, dada. Uso wake sina. Kaburi lake limejengewa nyumba juu yake, silioni. Nina sauti yake, maneno matatu manne, mabaya, lakini alikuwa anasema na mimi. Aliniita jina. Ukisema ilikuwa wewe, mimi ninabaki na nini?"

Palikuwa na wateja wawili wanasubiri mlangoni, mmoja ameshika fomu za forodha kifuani zisipeperushwe na upepo. Nilizitazama picha zangu nne, mtu yule yule mara nne amefunga mdomo.

"Labda nimechanganya," nilisema. "Watoto wengi tulikuwa tunaigaiga. Itakuwa alikuwa yeye."

"Alikuwa yeye," Lusungu alisema, akaweka picha kwenye bahasha, akanipa, akamwita anayefuata.